Kabla hujalisugua shoka la babu, tusome kwanza chapa yake

Wateja wengi wanaofika katika karakana yetu hapa Tanga na shoka la zamani huwa tayari wameling'arisha, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Mtu aliyerithi shoka lililokaa ghalani miaka mingi hulipeleka kwanza kwa fundi mwenye grinda ili kutu itoke, kisha hutuletea akitaka kujua lilitengenezwa wapi na kiwanda gani; kumbe kile ambacho kingetupa jibu, yaani maandishi yaliyogongwa ubavuni mwa chuma, kimekwisha kusagwa pamoja na kutu. Chapa ya shoka haikuchimbwa sana, na jiwe la grinda huimaliza kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kahawa.

Sisi hatutumii mashine katika hatua hii. Shoka hupakwa mafuta ya taa, huachwa usiku kucha, kisha husuguliwa kwa brashi laini, na pale penye dalili ya herufi hupitishwa chaki nyeupe ili ibaki ndani ya mifereji ya maandishi. Baada ya hapo tunazima taa na kumulika kwa tochi kutoka ubavuni, mwanga ukiwa umelala juu ya chuma, kwa sababu mwanga unaotoka juu moja kwa moja huficha kivuli, na kivuli ndicho tunachokisoma. Siki huondoa kutu vizuri, lakini shoka likisahaulika humo siku mbili tatu, siki hula hata kingo za herufi zenyewe, na ndiyo maana hatuipendekezi kwa asiyeizoea.

Mwaka jana mzee mmoja kutoka Muheza alituletea shoka ambalo ukoo wake wote uliliita la Mjerumani. Ni jina tulilolizoea, maana katika mkoa huu kila kitu cha zamani na imara, kuanzia daraja hadi nyundo, huhesabiwa kuwa cha Mjerumani. Upande mmoja ulikuwa umesagwa, ila upande wa pili chaki ilitoa herufi WELL mwishoni mwa mstari, chini yake namba 4½, kisha mistari mitatu midogo iliyokutana mfano wa unyayo wa kuku, na pembeni tarakimu 194 iliyofuatwa na tarakimu nyingine isiyosomeka. Unyayo huo wa kuku ni mshale ambao serikali ya Uingereza iliugonga kwenye mali zake, na herufi zilizobaki, zikiwa pamoja na mshale, namba na mwaka, zinaoana na mpangilio wa chapa ya ELWELL, kiwanda cha Edward Elwell cha Wednesbury katika Uingereza ya kati, kilichoanza mwaka 1817 na ambacho mashoka yake ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hupatikana yakiwa na mshale na mwaka namna hiyo hiyo. Namba 4½ ni uzito kwa ratili, sawa na kilo mbili na kidogo. Mizani yetu ilisoma kilo 1.9, na upungufu huo unaeleweka kwa shoka lililonolewa maisha yake yote. Waingereza walikuwa wameishika Tanga tangu mwaka 1916, kwa hiyo Mjerumani hakuwa na mkono katika shoka lile. Mzee alicheka, akasema kwamba nyumbani litaendelea kuitwa hivyo hivyo.

Ninaueleza mfano huu kwa urefu kwa sababu unaonyesha kwamba jina peke yake halitoshi. Jina la nchi, kwa mfano, mara nyingi husaidia kuliko jina la kiwanda: sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 kuhusu alama za bidhaa, na ile ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890, zilisukuma viwanda kuandika nchi ya asili kwenye bidhaa za kigeni, na chapa inayosema W. GERMANY haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1949. Maneno CAST STEEL nayo huwapotosha wengi, wakidhani ni chuma cha kumimina kinachovunjika ovyo, ilhali yanamaanisha chuma cha pua kilichoyeyushwa katika vyungu, kwa njia aliyoianzisha Benjamin Huntsman huko Sheffield katika miaka ya 1740, na zamani yalikuwa maneno ya kujivunia.

Ndugu walioko Marekani hututumia picha za mashoka waliyonunua minadani, na huko mtego ni mwingine. Chapa ya Collins husema HARTFORD, wakati kiwanda kilikuwa Collinsville, mji mwingine wa jimbo hilo hilo la Connecticut. Na kwa kuwa kilikuwa na sifa kubwa, wengine waliiga jina na nembo yake ya taji, mkono na nyundo. Kelly nayo ilihama kutoka Louisville kwenda Alexandria, Indiana, kisha mwaka 1904 ikahamia Charleston, West Virginia, na jina likaendelea kugongwa hata baada ya kampuni kuuzwa mwaka 1930. Jina la mji likisomeka chini ya KELLY, kazi yetu hurahisika sana.

Kuhusu mamba anayegongwa kama nembo, ambaye wateja humwulizia zaidi kwenye mapanga na majembe, jibu letu ni fupi: Ralph Martindale wa Birmingham alimtumia, Chillington wa Wolverhampton alimtumia pia, na waigaji hawakukosekana, kwa hiyo hatutaji kiwanda kwa kuona mnyama tu bila maandishi. Shoka la mhunzi wa kwetu, ambalo mkia wake hupenya kwenye kichwa cha mpini badala ya mpini kupita katika tundu la chuma, kwa kawaida halina chapa yoyote. Aliye nalo asijisumbue kuitafuta.

Kusoma chapa hatutozi, iwe umelileta shoka au umetuma picha. Tunachotoza ni mpini mpya na kunoa. Anayetuma picha apige pande zote mbili na kisogo, mchana, karibu na dirisha, na aweke rula kando ya shoka. Katika karatasi tunayompa mteja, herufi tulizoziona huandikwa mstari wake na dhana yetu mstari mwingine. Katika karatasi ya yule mzee wa Muheza, mahali pa tarakimu ya mwisho ya mwaka tuliacha nafasi tupu.