Paka Asiye Nunda

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu ili nimjibu msomaji aliyeandika majuma mawili yaliyopita kwamba riwaya za fantasia tulivu (visa vya ulimwengu wa kubuni wenye viumbe vya ajabu), zile zenye paka dirishani, duka la chai na wapenzi wanaohitaji kurasa mia mbili kabla ya kushikana mikono, ni "uji wa wagonjwa" usiomfaa mtu mzima mwenye meno yake. Sikatai kwamba uji huo nimeunywa pamoja na mgonjwa. Ila naona mwenzangu amekihukumu chakula kwa ulaini wake bila kukionja.

Mwaka jana dada yangu alivunjika nyonga akauguzwa kwangu kwa miezi mitatu. Macho yake hayamruhusu kusoma, kwa hiyo kila baada ya sala ya isha nilimsomea, nikitafsiri palepale kutoka Kiingereza, riwaya ya Legends & Lattes ya Mmarekani Travis Baldree. Huyu Baldree alikuwa amejulikana kwa kusoma vitabu vya sauti; rasimu ya riwaya hiyo aliiandika Novemba 2021, akaichapisha mwenyewe Februari 2022, na kabla mwaka haujaisha mchapishaji mkubwa alikuwa ameichukua. Mhusika wake mkuu, Viv, ni zimwi aliyeishi kwa upanga hadi akachoka. Ananunua banda la farasi lililochakaa katika mji wa Thune na kuligeuza mgahawa wa kahawa, kinywaji ambacho wenyeji wa mji huo hawakijui hata kwa jina.

Nilipofika kwenye latte nikasema "kahawa ya maziwa". Dada akanyanyua kichwa kutoka kwenye mto. "Maziwa kwenye kahawa? Kaka, huyo zimwi hana adabu." Sisi tulilelewa na kahawa chungu ya kwenye dele, inayonywewa barazani kwa kikombe kisicho na mkono, na kashata pembeni ya kuituliza. Hata hivyo, tangu usiku ule hakuniacha nilale mapema. Aliyemvuta hakuwa Viv bali Amity, paka mkubwa wa kutisha anayejitokeza dukani bila kualikwa, akawa anakuja na kuondoka apendavyo. "Hakuitwa," alisema dada, "kaja mwenyewe. Hilo duka litasimama."

Kwa maoni yangu, dada alikuwa ameugusa mvuto wa hadithi hizi kuliko mhakiki yeyote niliyemsoma. Paka halazimishwi: ukimfuata anakimbia, ukimwacha ukaendelea na shughuli zako, siku moja utamkuta amelala miguuni pako kana kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo. Mapenzi ya riwaya hizi yameshonwa kwa mshono huohuo. Tandri, anayeajiriwa kumsaidia Viv, anatoka katika jamii ya viumbe ambao watu hudhani hawajui jingine ila kutongoza na kunasa, na amechoka kupokelewa kwa dhana hiyo kila aendako. Kwa hiyo mapenzi yake hayawezi kuja kwa pupa bila kumdhalilisha. Yanakuja kwa kupanga bei, kwa kuandika ubao wa mlangoni, kwa kuonja mikate ya mdalasini ya Thimble, mwokaji aliye wa ukoo wa panya (paka na panya ndani ya duka moja, na haliwi mtu). Polepole hiyo, ambayo mwenzangu anaiita uvivu wa mwandishi, ndiyo heshima ambayo wahusika wanapeana.

Anadai pia kwamba hatari haimo. Imo. Wamo watu wanaomtoza mwenye duka ada ya "ulinzi", na yumo swahiba wa zamani mwenye kijicho ambaye madhara yake sitayasimulia nisimharibie mtu utamu. Tofauti ni kwamba upanga, uliokuwa jibu la kila kitu katika maisha ya awali ya Viv, safari hii haushushwi ukutani, na msomaji anakaa roho juu akingoja kuona kama jibu jingine litatosha. Mimi sijui hofu iliyo ya kiutu uzima kuliko hiyo ya mtu aliyeweka akiba yake yote kwenye biashara moja.

Kwa nini basi Waswahili wengine waone haya kusoma kisa cha paka? Nashuku lawama ni ya Nunda. Katika ngano za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha London mwaka 1870, kimo kisa cha Sultani Majinuni na paka wake. Paka huyo alianza na mifugo. Watu walipolalamika, sultani akajibu kwamba mali ni yake na paka ni wake. Akaendelea hadi kula watu, na mpaka alipowafikia wana wa sultani mwenyewe ndipo mzee alipokiri kwamba huyo si paka tena, ni Nunda mla watu. Kisa kizuri mno, hasa pale kitinda mimba anapomletea mama yake kila mnyama aliyemuua na mama akamwimbia kwamba bado siye. Lakini ndicho kiti tulichompa paka katika fantasia yetu, na akikosa hicho hupewa cha jini la usiku. Hata Shaaban Robert, alipoandika Adili na Nduguze, aliwageuza ndugu wenye husuda kuwa manyani, na unyama ukawa adhabu.

Ajabu ni kwamba nje ya hadithi tunaishi naye vizuri kabisa. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba paka si najisi, kwamba ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani, na mtu wa Lamu au Mji Mkongwe humpisha njiani kama anavyompisha jirani. Wajapani waliliona hilo mapema. Mwaka 1985 Eiko Kadono alimwandika Kiki, mchawi wa miaka 13 anayejitafutia riziki kwa kupeleka mizigo ya watu, na paka mweusi, Jiji, anayefuatana naye. Mchawi na paka mweusi, mambo mawili ambayo kwetu yangefungisha madirisha, na hakuna anayedhurika.

Nakubali kwamba soko limeingiwa na paka wa jalada tu, aliyechorwa ili kitabu kiuzike, ambaye ukimwondoa ndani hakuna kinachopungua. Hao mwenzangu na awapige. Asiwachanganye na Amity.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo: ule ukurasa wenu wa hadithi za mfululizo, ambao kwa muda mrefu umeshikwa na majambazi na wake wenza, utenge miezi michache kwa kijana atakayetuandikia fantasia ya namna hii kwa Kiswahili chenyewe, iwe na muuza kahawa, mtaa wenye njia nyembamba, mapenzi yasiyo na haraka, na paka asiyetaka kazi ya Nunda. Dada yangu sasa anatembea kwa bakora na anauliza kila wiki. Nilimwambia kwamba Baldree ametoa kitabu kingine mwaka 2023, kinachoeleza ujana wa Viv, ila mnyama wa humo ni kiumbe nusu mbwa nusu bundi. Aliposikia bundi, akaniambia nikiache hukohuko kiliko.

Mwalimu mstaafu,
Unguja