Zabuni ya madawati: tukutane Jumamosi

Habari za jioni ndugu zangu. Zabuni za halmashauri sasa zinapitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, na taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Tusibaki nyuma.

Ila naomba sana, tusishushe bei kwa kulipua kazi. Juzi nimeshika dawati la darasa la pili: mbao mbichi, misumari mitupu, muhula mmoja tu miguu imeachia. Shule imelipa mara mbili, na watoto wamekaa chini. Letu liwe la mbao kavu, gundi na skrubu.

Jumamosi saa 4 asubuhi, karakana. Katibu, njoo na cheti cha kikundi na TIN, ile namba ya mlipakodi.