Shangazi aliacha watu

Nakuru, Jumapili jioni

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi tu wazima, na mvua imenyesha vizuri upande wa Njoro. Barua yako imenifikia. Pole tena kwa kumpoteza shangazi yako, ambaye nasi tulimwita Shangazi. Najua kwako alikuwa mama.

Lakini kuna neno moja ulilonieleza ambalo nimeshindwa kulimeza. Si lako, ni la wale wazee waliokaa chini ya hema siku ya mazishi wakasema, "Maskini, hakuacha kitu." Eti kwa kuwa hakuzaa, hakununua shamba, na meza yake ya kuuzia omena, wale dagaa wa ziwani, pale soko la Kibuye, Kisumu, alikuwa akiilipia ushuru siku kwa siku. Usiliweke moyoni.

Wewe wakati ule ulikuwa Nairobi, huenda hukusimuliwa yote. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007 na ghasia za kikabila zikazuka, sisi tulikuwa tumepanga chumba mtaa wa Manyatta, hapo hapo Kisumu, na jina letu lisilo la Kiluo peke yake lilitosha kutufanya tutafutwe. Shangazi alikuja gizani, akamfunga mwanangu mgongoni kwa leso yake, akaniambia nisifungue mdomo njiani, maana lafudhi yangu ingetuuza. Akatulaza chumbani mwake nyuma ya magunia ya omena. Vijana walipogonga, aliwafungulia mwenyewe, akasimama mlangoni akiwaita kwa majina mmoja mmoja, kwa Kiluo. Wengi mama zao walikuwa wakichukua omena kwake kwa mkopo. Wakaondoka. Alfajiri akatusindikiza hadi kituo cha polisi, na hakugeuka kurudi mpaka alipotuona tumeingia langoni.

Baadaye wateja wengine walimkwepa kwa ajili yetu. Aliendelea kupima omena kwa gorogoro yake, wala hakuwahi kutudai hata shukrani. Nilipojaribu kumshukuru kwa simu, alinijibu kwamba Kristo alimfia yeye angali mwenye dhambi, sasa yeye aanzie wapi kuniuliza kabila?

Mtoto yule aliyembeba sasa anasomea uuguzi. Na hapa nyumbani tunaishi na msichana yatima asiye wa ukoo wetu wala wa kabila letu. Majirani walipomuuliza mume wangu kwa nini tumemchukua, alisema tu, "Sisi pia tulilazwa kwa watu." Hilo, dada, ni la Shangazi. Limefika Nakuru na bado linatembea.

Na sisi tulikuwa wachache tu. Kumbuka wale aliowaosha na kuwalisha wakati Ukimwi ulikuwa ukimaliza nyumba za Nyanza, kabla dawa hazijatolewa bure hospitali za serikali mwaka 2006, watu wakiogopa hata kushika kikombe cha mgonjwa. Wavulana aliowachukua kutoka kwenye yale matanga leo ni baba za watu.

Soma tena Matendo 9. Luka hatuambii kama Dorkasi alikuwa na mume, watoto au shamba pale Yafa. Anatuambia wajane walisimama wakilia, wakimwonyesha Petro kanzu alizoshona alipokuwa pamoja nao. Nadhani makanisa yetu yamesaidia kuwapotosha wazee wale. Anayechangia mabati tunamsimamisha mbele tukampigia makofi, na anayemwosha mgonjwa tunamwombea tu Mungu ambariki. Ilhali Yohana ameandika wazi kwamba tunajua tumepita kutoka mautini kuingia uzimani kwa sababu twawapenda ndugu.

Umesema mnaandaa wasifu wa kusomwa kwenye ibada ya ukumbusho. Tafadhali usiku ule wa Manyatta uandikwe humo. Kama kuna anayeogopa kuusoma kwa sababu ya siasa, nitakuja niusimulie mwenyewe, na mwanangu atakuwa nami.

Halafu wale watoto wawili waliobaki nyumbani kwake: karo ya mmoja tutaibeba sisi kuanzia muhula ujao. Nitumie jina la shule ili tulipe huko moja kwa moja, na uniambie wanalala kwa nani kwa sasa.

Nisalimie wote.

Dada yako