Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: betri mbovu za magari zirudi na maji yake

Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Makamu wa Rais, Muungano na Mazingira, shikamoo na pole na majukumu.

Mimi ni fundi umeme wa magari, wengine wanatuita fundi waya, nipo kwenye gereji bubu huku Tandika mwaka wa 19 sasa, na nakuandikia hadharani kwasababu jambo lenyewe linatugusa wengi, mafundi, wenye magari, bajaji, bodaboda, mpaka yule wa kijijini mwenye sola moja na betri moja ya kuwashia taa. Ombi langu ni moja tu Mheshimiwa. Betri ikifa irudi dukani ikiwa nzima, na maji yake ndani, yaani ile asidi.

Ngoja nikueleze inavyokwenda sasa hivi. Mteja anakuja gari haiwaki, unapima betri unakuta seli imekufa, anaenda dukani ananunua mpya, ile ya zamani anakuachia wewe fundi, hiyo ndo chai yako. Haikai siku mbili anapita kijana wa skrepa na guta lake na mzani wa kuning'iniza. Sasa hapa ndo penye shida yote. Kabla hajaipima anakwambia "fundi mwaga maji kwanza, mi silipii maji". Na kwa kweli siwezi kumlaumu, maana na kule anakopeleka hawalipii maji, wanalipa kilo za risasi, sio ya bunduki, ni ile metali nzito ya ndani ya betri, alafu maji yenyewe yakimwagikia kwenye guta yanamuunguza miguu. Basi betri inalazwa ubavu, vifuniko vinafunguliwa, maji yote yanaenda mtaroni. Mtaro wetu unapita nyuma ya gereji, kuna kipande pale zamani mama mmoja alikuwa analima mchicha, saizi hapaoti hata nyasi, udongo umekuwa mweupe mweupe na ukingo wa zege umeliwa mpaka unaona kokoto.

Watu wengi wanaogopa ile asidi kwasababu inauma, ukirukiwa kwenye suruali kesho ukiifua inatoka matundu, ukirukiwa jichoni ni hospitali. Lakini asidi ina afadhali kwasababu inajitangaza. Kinachoua taratibu ni risasi, na risasi haina harufu wala haiwashi. Ukiipindua betri utaona mwisho wa maji linatoka tope la kijivu, laini kama unga uliolowa, lile tope ni risasi. Jua likipiga linakuwa vumbi, upepo unalibeba, linatua kwenye kijiko cha mama lishe, kwenye vidole vya mtoto anayetambaa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa ni salama, na mtoto mdogo akimeza, mwili wake unanyonya mara 4 mpaka 5 ya anachonyonya mtu mzima kwenye kiasi kile kile. Mwili unaidhania ni madini ya kalsiamu, unaihifadhi kwenye mifupa, inakaa humo miaka na miaka, alafu mwanamke akibeba mimba inatoka kwenye mifupa yake inamfuata mtoto tumboni. Dawa ya kupunguza risasi kwenye damu ipo, ila akili iliyokwisha kudumaa hairudi. Na dalili zenyewe ni za kawaida mno, tumbo kusokota, choo kigumu, mtoto kupauka na kukosa damu, kuwa mzito darasani, nani atawaza betri? Mzazi atanunua dawa ya minyoo.

Pale jirani na sisi kulikuwa na bwana mmoja alikuwa hauzi betri, anayeyusha mwenyewe. Risasi haihitaji tanuru, inayeyuka kwenye nyuzi joto 327, jiko la mkaa na kibuyu cha kupulizia vinatosha. Alikuwa anapasua betri kwa shoka, anang'oa vibao vya risasi vya ndani, anavitia kwenye sufuria nyeusi isiyo na vishikio, ikishayeyuka inang'aa kama kioo, anaimimina kwenye vishimo vya mchanga, zinatoka chubwi za wavuvi za mishipi na nyavu. Mwanae alikuwa anakuja kumletea chakula mchana, anakaa pale pale kwenye moshi, anachezea zile chubwi za moto zikishapoa anazipanga mstari. Sijui kama aliwahi kupimwa, mi nilihesabu tu siku alizokuwa haendi shule kwa tumbo. Baadae walihama.

Na mimi mwenyewe sijakaa pembeni, nakiri. Miaka zaidi ya kumi nimerudi nyumbani na ovaroli ile ile, nakumbatiwa mlangoni na wanangu, alafu mama watoto anailoweka beseni moja na sare za shule. Hakuna aliyewahi kuniambia. Nimejua kwa kusoma mwenyewe kwenye simu usiku mmoja na sikulala. Siku hizi ovaroli naiacha gereji na naoga kabla sijaingia ndani, ila mafundi wangapi wanajua hivyo Mheshimiwa?

Hatuhitaji kwenda mbali kujifunza. Mombasa hapo, mtaa wa Owino Uhuru, kiliwekwa kiwanda cha kuyeyusha betri ukuta kwa ukuta na nyumba za watu kama 3,000. Bi Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa kwenye kiwanda hicho hicho, mtoto wake mchanga akaugua, akatibiwa magonjwa mengine yote, mwisho vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu. Akapambana mpaka kiwanda kikafungwa 2014, mwaka uliofuata akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ikawapa wananchi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, rufaa ikaitengua 2023, mpaka Desemba 2024 Mahakama ya Juu ndo ikairudisha. Na lawama mahakama haikuiweka kwa wenye kiwanda peke yao, iliwabebesha na taasisi za serikali zilizotakiwa kusimamia. Kumbuka kile kilikuwa kiwanda chenye geti na bomba la moshi, sio jiko la mkaa. Kwahiyo tukisema tu "zipelekwe kiwandani" hatujamaliza, swali ni kiwanda gani na nani anapima damu za wafanyakazi na udongo wa majirani. Na kule Senegal, Thiaroye-sur-Mer nje kidogo ya Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Akina mama walikuwa wanachekecha mchanga uliojaa mabaki ya betri wauze risasi, watoto wapo mgongoni.

Sasa najua utaambiwa sheria tunayo. Ni kweli, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo toka 2004, na kanuni za taka hatarishi za 2021 zinataka kila anayekusanya, kusafirisha au kuhifadhi awe na kibali. Mi sina ugomvi na sheria. Nachosema ni kwamba sheria inasema usimwage na mzani unasema mwaga, na pale gereji saa sita mchana mtu ana njaa, mzani ndo unashinda. Ukituma askari wakamate vijana wa guta hujatatua kitu, betri zitaanza kuyeyushwa ndani ya nyumba usiku. Wale vijana ndo wanaojua kila betri mbovu ya mji huu iko chini ya uvungu gani, hakuna ofisi itawafikia kwa hilo. Wapeni leseni rahisi, glavu, matenki ya plastiki ya kubebea, wawe mikono yenu.

Alafu geuzeni bei. Ujerumani ukienda kununua betri ya gari bila kurudisha ya zamani unaongezewa yuro 7.50, ukiirudisha unapewa hela yako. Sisi tunaijua hii tokea utotoni, ndo chupa ya soda, huna chupa unaacha hela. Wekeni dhamana kwenye kila betri mpya inayouzwa nchini, iwe ya gari, pikipiki au sola, na irudishwe kamili kwa mwenye kuleta betri nzima yenye maji, iliyomwagwa apewe nusu au asipewe kabisa. Muuzaji alazimishwe kuipokea, na mwagizaji wa betri kutoka nje alazimishwe kuichukua kwa muuzaji. Siku hiyo mimi mwenyewe nitamfukuza anayetaka kuipindua betri yangu, maana maji yatakuwa ni hela.

Betri ya gari dogo ina kama kilo 15, zaidi ya nusu ni risasi, na risasi hiyo inaweza kurudi kuwa betri tena na tena bila kuchoka. Sio takataka hii, ni mali. Kwenye kiwanda kinachojiheshimu betri inavunjwa na mashine ndani ya chumba kilichofungwa, asidi inakusanywa na kutibiwa, plastiki inaoshwa inasagwa inatumika tena, moshi unapita kwenye filta, mfanyakazi anaoga na kuacha nguo pale pale na damu yake inapimwa kila baada ya muda. Vinavyofikia hapo viwekwe orodha hadharani tuvijue kwa majina, visivyofikia vifungwe hata kama vina kibali ukutani.

Na tusiambiwe haiwezekani. Petroli yenye risasi tuliiacha, Afrika yote kusini mwa Sahara ilishaachana nayo mwanzoni mwa 2006, magari yakaendelea kutembea na watoto wetu wakapumua afadhali. Ilitaka tu wakubwa waamue.

Mheshimiwa, nina betri 7 hapa gereji nimezikatalia kumwagwa toka mwezi uliopita. Nimezikalisha wima juu ya ubao, mbali na jiko la mama lishe, nimezifunika turubai mvua isizipate, na vijana wa skrepa wananishangaa. Nimeulizia madukani matatu nilikozinunulia wateja wangu, yote yamenijibu hawapokei za zamani. Naomba jibu lako au la wataalamu wako, nizipeleke wapi?

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi waya, Tandika, Dar es Salaam