Barua ya wazi kwa vijana wa sanaa mnaokwenda kufanya mafunzo katika galari za Berlin

Wanangu wa Bagamoyo, Mlimani, Makerere na Kenyatta, salaam nyingi.

Galari ikikuandikia kwamba umekaribishwa, usikimbilie kukata tiketi. Ukaribisho huo si mkataba, na viza ya matembezi ya Schengen, ile ya siku 90, hairuhusu kufanya mafunzo kazini. Ujerumani ina ruhusa mahususi ya mafunzo yanayohusiana na masomo, chini ya kifungu cha 16e cha sheria yake ya ukaazi. Inamfaa mwanafunzi wa chuo kikuu, au aliyehitimu shahada ndani ya miaka 2 kabla ya kuomba, na haizidi miezi 6. Wenye stashahada waulize ubalozini kabla ya kulipia chochote. Mkataba uonyeshe utafundishwa nini, kwa lengo gani, wapi, kwa muda gani, saa ngapi kwa wiki, na msimamizi wako ni nani. Galari isiyotaka kuandika hayo inatafuta mtu wa kufungua mlango na kupika kahawa. Ikataeni, hata kama jina lake ni kubwa.

Kuhusu malipo, kima cha chini cha mshahara Ujerumani ni euro 13.90 kwa saa tangu Januari 2026. Mafunzo ambayo chuo kimeyafanya kuwa sharti la shahada hayahusiki na kima hicho, wala ya hiari yasiyozidi miezi 3 unayoyafanya ukiwa bado masomoni. Yale ya hiari yakipangwa kwa miezi 4, unastahili kulipwa kima hicho tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana galari nyingi hupenda miezi 3 kamili. Ukiombwa ulete barua ya chuo isemayo kwamba mafunzo ni ya lazima wakati si kweli, usikubali. Hiyo ni hati ya uongo, na ikisomwa ubalozini, jina lililomo ni lako.

Nyumba nayo msiichukulie kienyeji. Ukihamia Berlin una wiki 2 za kuandikisha makazi Bürgeramt, yaani ofisi ya huduma kwa wakazi, na huwezi kuandikisha bila karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kuwa unaishi kwake. Wapangishaji wa muda mfupi mara nyingi hawataki kuitoa. Bila uandikishaji huo namba ya kodi inachelewa, na malipo yako yanavurugika. Muulizeni mpangishaji habari ya karatasi hiyo kabla ya kumtumia amana.

Sasa kazi yenyewe, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize sana. Ombeni kufundishwa kuandika ripoti ya hali ya kazi ya sanaa. Kila picha inapoingia na kutoka, mtu huikagua mbele, nyuma na kingo, kwanza kwa mwanga wa kawaida, kisha kwa tochi iliyolazwa pembeni ili mikunjo na rangi iliyoinuka ionekane. Andika mahali kwa vipimo: "mpasuko wa milimita 12, sentimita 4 kutoka ukingo wa kushoto, sentimita 9 kutoka chini." Ukiandika "imechakaa kidogo" hujasema kitu, na bima ikibishaniwa, maneno hayo hayamsaidii msanii.

Hapa nyinyi mna elimu ambayo wenzenu wa kule huenda hawana. Kitambaa cha lubugo cha Uganda, kinachotokana na gome la mti, ambacho mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Kenya, anachorea, huwa na matundu na mishono tangu kinapotengenezwa. Asiyekijua ataandika "uharibifu". Wewe andika "tundu la asili", piga picha, weka rula kando yake. Ubao wa Tingatinga wenye rangi ya mafuta inayong'aa hupondeka pembeni kwanza. Anza ukaguzi wako kwenye pembe nne.

Kabla ya kuinua picha, jua inakwenda wapi, na milango iwe imeshafunguliwa. Vua pete na mkanda wenye kifungo cha chuma. Mkono mmoja chini, mmoja ubavuni, picha moja kwa safari moja. Usipenyeze vidole kati ya turubai, yaani kitambaa kilichochorwa, na mbao zilizoivuta: msukumo wa nyuma huacha ufa ambao huenda ukatokea miaka mingi baadaye. Glavu za pamba huteleza kwenye fremu na kunasa nyuzi; za mpira wa nitraili ni bora. Wakati wa kufunga, plastiki ya mapovu isiguse rangi, maana huacha alama za mviringo. Tanguliza karatasi laini isiyoshika rangi, kisha plastiki, mapovu yakitazama nje. Kazi za karatasi na vitambaa hazipewi mwanga unaozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga). Za mafuta huvumilia karibu 200. Mkiona taa imesogezwa kwa ajili ya picha za uzinduzi, mkumbusheni msimamizi irudishwe.

Bei na majina ya wanunuzi hayatoki nje ya ofisi, hata kwa rafiki, hata baada ya kurudi nyumbani.

Wiki 3 kabla ya kumaliza, ombeni kwa maandishi cheti cha utumishi kinachoeleza kazi mlizofanya na namna mlivyozifanya. Nchini humo ni haki ya aliyefanya mafunzo ya hiari. Mpeni msimamizi orodha ya ripoti mlizoandika na maonyesho mliyoshiriki kuyatundika, kwa tarehe zake, ili asiandike kwa kukisia. Kisomeni kabla hajatia saini, na msiondoke Berlin bila nakala halisi yenye muhuri.

Mzee wenu