Chambo cha mbao kimeanza kulala upande? Angalia tundu la skrubu kwanza

Wadau wa Moshi na Arusha mnaoshuka Pangani na Tanga wikiendi, na nyie mnaofuata sangara Mwanza, hili swali mnatuuliza sana sisi tunaochonga vyambo vya mbao, yaani visamaki bandia vya kuvulia: chambo kilikuwa kinaogelea vizuri kabisa, sasa hivi kinalala upande au kinazama chenyewe, shida nini? Wengi wanalaumu rangi. Mara nyingi ni maji, mbao imekunywa.

Na maji yanapenda kupitia kwenye tundu la skrubu ya pete, pale unapofunga mshipi na pale ndoano zinaponing'inia, kwa sababu kila samaki akivuta ile skrubu inacheza kidogo na vanishi pembeni yake inapata ufa mwembamba hata huuoni. Njia nyingine ni meno. Nguru akikigonga anaacha vitundu, ukija kuangalia baadaye rangi pale imevimba, bonyeza kwa ukucha utaona unyevu unatoka. Hapo mbao imeshakuwa nzito upande mmoja, kuogelea ndio basi tena.

Kwa hiyo ukirudi safari kioshe na maji ya bomba chumvi itoke, kifute, kining'inize kivulini penye upepo mpaka kikauke. Usikifungie kwenye boksi la plastiki kikiwa na maji maji, na juani pia usikianike, mbao ikikauka ghafla inapasuka. Ukiona kitundu usikimbilie kuziba jamani, acha ikauke mpaka ndani ndio uweke gundi ya araldaiti, ukiziba juu ya unyevu umeyafungia maji humo humo.

Kama hakijanywa maji ila kinakwenda kombo, hiyo ni pete ya mbele tu. Kikivutia kushoto kwako wakati unakivuta kuja kwako, kishike pua ikutazame, pindisha pete kulia kwako kidogo sana kwa plaizi, kijaribu majini, ndio uongeze.

Vya kwetu tunachonga kwa paini au mwerezi uliokauka vizuri, na badala ya skrubu tunapitisha waya mmoja wa stenlesi toka puani mpaka mkiani, ndoano zote zinashika kwenye huo waya, hata mbao ikipasuka samaki bado unaye. Kipande cha risasi, yale madini mazito, kinakaa tumboni chambo kisipinduke. Halafu kabla ya rangi tunakizamisha chote kwenye vanishi, matundu yote yanywe, hapa hatuna haraka kabisa. Hata yule mvuvi wa Ufini, Lauri Rapala, alipotengeneza chambo chake mwaka 1936 kwa koki, ile ya vizibo vya chupa, na karatasi ya chokoleti, juu alipaka negativu za picha alizoyeyusha, shida ilikuwa hii hii ya maji. Juu ya rangi tunaweka epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu, na mwezi wa sita na wa saba baridi la Moshi linaichelewesha kukauka, mtuvumilie.

Mnaofuata perege bwawa la Nyumba ya Mungu msinunue hivi vikubwa, perege chakula chake zaidi ni mwani, mtapoteza hela yenu bure. Nyungunyungu inawatosha.

Vya kukarabati vileteni vikavu na ndoano mmeshatoa. Tunakwangua, tunakausha, tunaziba na kupaka upya, bei tunaelewana tukishakiona. Ila kikiwa kimepasuka toka puani mpaka tumboni hicho hatupokei hela yako, tunakuchongea kipya.