Ganzi ya miguu ina vyanzo vingi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatahadharishe wasomaji wanaokimbilia vidonge vya vitamini kila miguu inapowaka moto au kufa ganzi, kana kwamba maradhi ya mishipa ya fahamu yana chanzo kimoja tu. Kisukari ndicho kinachoongoza, nacho huanzia vidoleni mwa miguu kwa sababu mishipa mirefu zaidi huumia kwanza. Lakini mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia isoniazidi anaweza kupata ganzi hiyohiyo, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza vitamini B6 mwilini, na ndiyo maana huongezewa piridoksini, yaani B6 yenyewe. Ajabu ni kwamba B6 ikizidi mno kwa muda mrefu nayo huharibu mishipa. Pombe, Virusi vya Ukimwi na upungufu wa B12 vimo pia. Ukoma, ambao wengi hudhani umekwisha, mara nyingi hujitokeza kwa baka lisilo na hisia, na dawa zake hutolewa bure. Udhaifu unaopanda kutoka miguuni ndani ya siku chache ni jambo jingine kabisa: huenda ni ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwani misuli ya kupumulia inaweza kulegea.

Msomaji wako,
Morogoro